Geti Lenye Pua

Daktari Oresta alimsikia Mjane kabla hajamwona.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la Bibi Sekela, kikombe cha chai mkononi, akiuliza habari za kifua cha Bibi, na Bibi akimjibu polepole ili muda uende. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Ndani ya jiko, nyuma ya kuni, Mjane alikuwa anacheua. Ni sauti ndogo, ya meno kusaga kitu kibichi, kwenda na kurudi. Zamani hakuna aliyeisikia kwa sababu ilikuwa kila mahali. Lakini kondoo wa kijiji chetu cha Lwangilo walikuwa wameacha kucheua tangu Kampuni ya mbao ilipowaletea chachu, na mchana uwanda wetu ulikuwa kimya kama nyumba iliyotoka kuzika. Katika kimya hicho, meno ya Mjane yalisikika kama mtu anayetwanga.

Daktari akanyamaza katikati ya neno.

"Bibi, huko ndani kuna nani?"

"Mjane," Bibi akajibu, na hakudanganya.

"Mjane wa nani?"

"Wa dume letu lililokufa mwaka wa barafu. Hajaolewa tena."

Daktari hakucheka. Aliweka kikombe chini, akanijia. Nilikuwa nimekaa katikati ya mlango na ungo wangu na sikusogea. Yeye ndiye daktari wa mifugo wa Kampuni, msomi, amevaa buti nzuri, nami nilikuwa nimezoea kumpisha kila mtu. Siku hiyo miguu yangu ilikataa. Akaniwekea mkono begani.

"Tumpe, dada yangu, nimeshasikia. Utanizuia nini sasa?"

Nikasogea.

Mjane alikuwa amelala kwenye majivu, macho nusu wazi, taya likizunguka. Daktari akachuchumaa, akatoa mfukoni kipimo cha pumzi, kidude kama tochi fupi, akakisogeza kwenye tundu za pua. Kondoo wote wa Lwangilo wakipimwa, kile kidude huwaka bluu. Kwa Mjane kiliwaka nyekundu. Daktari akakizima, akakiwasha, akajaribu tena. Nyekundu. Akakaa chini kabisa, pale pale kwenye majivu na suruali yake safi.

"Anakula majani," akasema. "Mnayatoa wapi? Uwanda wote umefungwa."

"Makaburini," Bibi akajibu kutoka nje. "Babu yake Tumpe anamlisha. Alimlisha akiwa hai, anamlisha akiwa amelala."

Nilitazamia Daktari atuambie tumefanya uchafu. Lakini alikuwa anamtazama Mjane kama mtu aliyekutana na ndugu aliyeambiwa amekufa. Ndipo akaanza kusema, kwa sauti ya chini, na sijui alikuwa anasema na mimi au na yeye mwenyewe.

Alisema kondoo mwenyewe hawezi kulimeng'enya jani. Hakuna kondoo wala ng'ombe aliyezaliwa na nguvu hiyo. Katika tumbo lake la kwanza, lile kubwa linalokaa upande wa kushoto, mna joto na maji na giza, na humo wanaishi vijidudu wasiohesabika. Hao ndio wanaokula jani. Wapo wanaovunja nyuzi ngumu za shina, wapo wanaoshughulika na punje na utamu, wapo wanaokula mabaki ya wenzao na gesi yao. Wanachokiacha ndicho kinachomlisha kondoo, na mwisho wao wenyewe wakisukumwa kwenda matumbo ya mbele anawala na wao. Ndiyo maana anacheua: anarudisha donge mdomoni, analisaga liwe laini ili wao walipate vizuri, na mate yake yanashuka kulizuia tumbo lisichache. Ukimbadilishia chakula ghafla, waliokuwa wengi wanakufa, wengine wanaongezeka kupita kiasi, na tumbo linavimba kwa uchungu. Mwanakondoo anazaliwa bila hata mmoja. Lazima apewe na waliomtangulia.

"Na chachu yenu?" nikauliza. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake siku hiyo.

"Nayo ni vijidudu. Tuliwatoa kwenye utumbo wa mchwa, wanaokula mbao. Tukawafundisha kuishi kwenye tumbo la kondoo." Alikuwa anapangusa kipimo kwenye pindo la shati. "Na tukawapa silaha. Wanatoa sumu inayoua vijidudu wa majani. Bila hivyo wasingetulia."

"Mkawaua wote."

"Tulidhani wote."

Akasimama. Akatuambia kwamba mwezi ukiandama wakaguzi watapanda kutoka mjini, watapita nyumba kwa nyumba, na kondoo yeyote atakayewaka nyekundu atachomwa sindano na kuzikwa kwa chokaa. Hata yeye akinyamaza, kipimo chao hakinyamazi.

"Mnamwogopa kondoo mmoja mzee?" Bibi akauliza.

"Donge moja la shavu lake likiingia kwenye tumbo lenye chachu, linakufa. Lakini chachu isipopata mbao, hata siku mbili tu, sumu yake inaisha, na hapo donge..." Akaacha. Alinitazama, nami nikamtazama. "Sikusema kitu," akasema, akaondoka bila kumaliza chai.

*

Kwetu mwanakondoo akiachishwa ziwa hapelekwi malishoni hivi hivi. Hupelekwa kwanza kwenye nyumba yenye kondoo jike mzee na mzima. Mwanamke wa nyumba hiyo humsubiri kondoo wake acheue, humtia kidole shavuni, hutoa donge la kijani lenye moto, na kulitia kinywani mwa mwanakondoo wa jirani. Hilo tunaliita kupewa mdomo. Wazee hawakujua habari za vijidudu. Walijua tu kwamba aliyepewa mdomo havimbi tumbo.

Na mdomo haukataliwi. Ukiukataa umeitukana nyumba iliyokupa, na siku utakapopiga yowe kwamba chui yuko zizini, hatatoka mtu. Nyumba zilizopeana mdomo, mmoja akiita kwa jambo la kondoo, wengine wanaitika.

Kampuni iliingia kwa mlango huo huo. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Wangekuja wakasema, tunataka kubadili matumbo ya mifugo yenu, tungewauliza maswali. Wangekuja na bunduki, tungekimbia na kondoo wetu. Walikuja na chupa za kunyweshea, wamevaa mablanketi mabegani kama sisi, wakasema, "Tumewaletea mdomo." Mtu fulani alikuwa amewafundisha neno hilo. Baba mdogo Mbwilo, Mwenyekiti wetu, alifurahi sana kwamba wageni wa mbali wanazijua mila zetu. Akaleta dume lake la kwanza. Nani angekataa baada yake? Tuliwashikilia kondoo wetu wenyewe kwa mikono yetu wenyewe, vichwa juu, midomo wazi.

Mjane peke yake alipona, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatoa midomo mtaani kwetu, na anayetoa hapewi. Bibi aliwaambia hivyo, na wao, kwa kuwa walikuwa wanajifanya watu wa mila, wakashindwa kubisha.

Mwanzoni tulicheka. Kondoo walikula maranda kwenye kiwanda cha Kampuni wakanenepa. Walikula vumbi la mbao kama unga. Walikula nguzo za zizi, wakala mlango wa kanisa kwa chini, na jike la Mama Ipyana likala kigoda chake akiwa ameinuka kusonga ugali. Vumbi lilikuwa laini mno, halina cha kusaga, basi wakaacha kucheua. Hatukulitilia maanani. Halafu waliokwenda kula majani wakavimba na kufa. Hapo ndipo Kampuni ilipokuja mara ya pili, na safari hii haikuvaa mablanketi.

"Kondoo wenu hawahitaji tena majani," wakasema. "Sasa malisho yote haya ni ya nini?"

Wakauzungushia uwanda uzio, wakapanda miti ya misindano katikati ya nyasi za babu zetu. Watu waliponung'unika, wakajenga geti. Lilikuwa geti zuri, refu, la chuma kilichopakwa rangi ya kijani, na katikati lilikuwa na pua, tundu mbili zenye wavu. Meneja alisimama mbele yake na kipaza sauti. Alisema geti hili lina akili kuliko hakimu. Kila kondoo ana hereni sikioni, na geti linazijua hereni zote za Lwangilo. Litanusa pumzi. Siku zaidi ya nusu ya kondoo wenu watakapohitaji majani, geti litafunguka lenyewe, hakuna wa kumwomba wala wa kumsubiri. Tulipiga makofi.

Hao waliosema hivyo ndio waliokuwa wamewaua vijidudu wa majani wote. Walikuwa wanatuahidi mvua huku wakijua wameshaziba mbingu.

Na mwaka huu wakagundua kwamba vumbi la mbao linaweza kushindiliwa kuwa mkaa wa mjini. Magunia ya vumbi tuliyogawiwa yakapungua. Kondoo mwenye tumbo la mchwa, asiyeweza kula jani, ananyimwa hata vumbi. Ukienda kulalamika unaambiwa, "Punguzeni kondoo."

*

"Utapita nyumba kwa nyumba," Bibi akaniambia Daktari alipokwisha kuondoka. "Waambie wawafungie kondoo wao siku mbili, sema ni dawa ya minyoo. Kisha uwape mdomo. Usieleze. Mdomo haukataliwi."

Ningependa kusema kwamba nilikataa mara moja. Lakini kwa mtu kama mimi, ambaye sauti hunikauka nikiona watu watatu wamekaa pamoja, mpango ule ulikuwa asali. Kupita kimya kimya, kutia kidole, kuondoka. Nikaenda kumkatia Mjane majani makaburini, na nilipokuwa nimeinama juu ya Babu na mundu wangu, nikaanza kuwaza kondoo wa watu.

Kondoo akishapewa mdomo na ukashika, harudi kwenye vumbi. Chachu imekufa. Na majani hayapo, yako nyuma ya uzio. Makaburi hayatoshi kulisha hata mtaa mmoja. Ikiwa geti halitafunguka, kondoo wa Lwangilo watakufa wote, na watakuwa wameuawa na mkono wangu. Wakiachwa na chachu wataishi. Wataishi vibaya, mbavu nje, wachache, lakini wataishi.

Nikarudi na mzigo wangu wa majani nikamwambia Bibi.

"Unaogopa," akasema.

"Naogopa. Lakini si hilo tu. Wao nao walifanya hivyo hivyo. Walikuja na mdomo kwa sababu haukataliwi. Nikifanya hivyo, nina tofauti gani nao?"

"Tofauti ni kwamba wewe unawapa kilicho chao!"

"Wajue basi kwamba ni chao. Wachukue wenyewe."

Bibi alikoroga moto kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

"Ukiwauliza watakataa," akasema mwishowe. "Watu wakiwa na gunia nusu mkononi hawaliachi."

"Basi wakatae."

"Haya. Na nani atasimama kuwauliza? Mimi kifua changu hiki? Au wewe, unayeitoa salamu kama umeiazima?"

Nilimfunga Mjane kamba.

*

Ghala la vumbi liko chini ya kanisa. Siku ya mgao watu wote wanakuwepo, na siku hiyo mgao ulikuwa mdogo kuliko wa mwezi uliopita. Baba mdogo Mbwilo alisimama kwenye ngazi akisoma agizo la Kampuni kwamba kila nyumba ipunguze kondoo.

"Tupunguze kondoo," Mama Ipyana akapaza sauti kutoka nyuma, "kisha tupunguze watoto, kisha tujipunguze wenyewe. Mwisho Kampuni ibaki na geti lake, linusane na misindano."

Watu wakacheka, kicheko cha uchungu. Mimi nikapita katikati yao na Mjane. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na nilipofika mbele yote yakanitoka. Nikasimama tu, kamba mkononi. Watu wakanitazama. Baba mdogo akasema, "Tumpe, mwanangu, huyo kondoo wa nini hapa?"

Mjane, ambaye hajui aibu, akakunja magoti, akalala chini mbele ya ngazi ya Mwenyekiti. Akatikisika kidogo shingoni, donge likapanda, na akaanza kucheua.

Kelele ziliisha polepole, kuanzia mbele kwenda nyuma, jinsi sauti ile ilivyowafikia. Wazee wakavua kofia. Palikuwa na watoto ambao hawakuwahi kuisikia maishani mwao, wakauliza, "Mama, anafanya nini?" Mama Ipyana alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Hapo nikaweza kusema.

"Huyu tumbo lake ni la zamani. Linakula majani. Naweza kuwapa mdomo kondoo wenu wote. Kwanza wafunge siku mbili bila vumbi. Wengine hawatavuka. Watakaovuka hawatakula vumbi tena, watahitaji majani. Tukizidi nusu, Meneja alisema geti litafunguka. Mimi sijui kama litafunguka. Lisipofunguka, watakufa. Ndiyo maana nawauliza. Leo mdomo unaweza kukataliwa. Atakayekataa hajanitukana. Chui akiingia zizini kwake nitatoka."

"Nani kakutuma?" Baba mdogo akafoka. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Unataka kuua mifugo ya kijiji kizima kwa ajili ya kikongwe cha kondoo? Nani kakutuma, nauliza!"

"Hakuna, baba."

"Mwache mtoto, Mwenyekiti," akasema Mama Ipyana. "Siku ile ya chupa ulitwambia mdomo haukataliwi, nasi tukakutii. Leo kaja mtu wa kwanza anayetuuliza, ndiye unayemfokea?"

Wengi walibeba magunia yao nusu wakaondoka bila kunitazama. Sikuwachukia. Waliobaki walikuwa wachache, wamesimama mbalimbali kama watu wasiotaka kuonekana wako pamoja. Mama Ipyana akalisukuma gunia lake kwa mguu mpaka likagonga ngazi.

"Jike langu lilinilia kigoda," akasema. "Sina hata pa kukaa na kuogopa. Niandalie huo mdomo."

*

Kondoo mwenye njaa halii kama mbuzi. Anatoa sauti moja nzito, anangoja, kana kwamba umeenda kuleta na utarudi. Siku zile mbili tulizisikia sauti hizo kutoka mazizi yetu, na waliotukataa walizisikia pia. Wapo waliokuja kutuambia tuna roho za mawe.

Kisha nikaanza. Mjane alivumilia kidole changu mpaka shavu likavimba. Kondoo niliyempa leo, akishika, kesho kutwa mwenye kondoo naye alitoa donge shavuni mwake akampa wa jirani. Nilikuwa nimesahau kwamba mdomo hufanya hivyo, hauishi kwa kugawanywa. Majani hayakutosha, basi kila nyumba ikaenda kukata kwenye makaburi ya watu wake. Tulikuwa tumekatazwa hilo tangu utoto. Mzee mmoja alikata nyasi za mkewe huku akizungumza naye, akimweleza kondoo gani ni wa nani.

Dume la Mama Ipyana lilivimba likafa. Nilimwona anapanda kuja kwetu, nikajificha nyuma ya jiko, nikijua ninachostahili. Akanifuata huko huko.

"Dume limekufa," akasema. Macho yalikuwa mekundu. "Bado jike. Nyoosha mkono wako, usinililie hapa."

Jike lilishika. Alasiri moja nilipita nyuma ya zizi lake nikasikia ile sauti, na alikuwa amekaa chini kwenye udongo, mgongo ukutani, anasikiliza. Siku iliyofuata ilitoka mazizi mawili. Kisha mtaa. Waliokuwa wameondoka na magunia yao walianza kupita karibu na nyua zetu bila sababu, wakisimama, wakijifanya wanafunga viatu. Mmoja mmoja wakaja kuuliza. Kila mmoja nilimwambia yale yale niliyosema ghalani, pamoja na habari za dume la Mama Ipyana. Wengine waligeuka wakarudi.

Baba mdogo hakuja. Na zizi lake ndilo kubwa kuliko yote.

Mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha. Majani ya makaburini yalikuwa yamekwisha, tumefika kwenye udongo. Tukawatoa kondoo, tukaenda getini.

Daktari Oresta alikuwepo kabla yetu, peke yake, simu sikioni. Alikuwa anasikiliza zaidi ya kusema. Kondoo wakaanza kupita mbele ya ile pua mmoja mmoja, nayo ikawa inavuta pumzi kwa sauti kama mgonjwa wa mafua, na taa ndogo juu yake ikawaka nyekundu, nyekundu, nyekundu. Wa mwisho alipopita, geti likasema kwa sauti ya mwanamke mpole: "Asanteni. Bado hamjafikia nusu."

Niliwatazama kondoo wale, mbavu zao, na nikaona kazi ya mkono wangu.

Ndipo kwa nyuma tukasikia kwato. Baba mdogo Mbwilo alikuwa anapanda na zizi lake zima, anatembea haraka, bila koti, kama mtu aliyetoka nyumbani kabla hajabadili mawazo. Hakunitazama. Akampitisha jike lake la kwanza mbele ya pua. Nyekundu.

"Ulipewa na nani?" nikamuuliza.

"Niliomba kwa Mama Ipyana. Niliona haya kuja kwako." Akampitisha wa pili. "Siku ile ya chupa mimi ndiye niliyeleta wa kwanza. Leo naleta wa mwisho. Nipishe, mwanangu."

Simu ya Daktari ilikuwa inapiga kelele. Akaiondoa sikioni, tukasikia sauti ya Meneja, ndogo kama ya nzi ndani ya chupa: awatangazie watu kondoo hawa ni wagonjwa, wote, wawekwe karantini. Daktari alitutazama. Alitazama pia kipimo chake mwenyewe.

"Si wagonjwa," akasema kwenye simu, kwa sauti ambayo wote tuliisikia. "Wana njaa. Matumbo yao ni mazima na wanahitaji majani. Mimi ndiye niliyewaharibu, najua tofauti."

Akaikata. Kondoo wa Baba mdogo waliendelea kupita, na katikati yao geti likalia kengele tamu.

"Mifugo ya Lwangilo inahitaji majani," likasema. "Karibuni malishoni."

Tukangoja.

"Karibuni malishoni," likasema tena.

Halikufunguka. Baba mdogo akalisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Akapiga magoti kutazama komeo, na hapakuwa na komeo. Akapapasa nguzo ya kushoto, akavuka akapapasa ya kulia, na nikaona vidole vyake vikisimama.

"Halina bawaba," akasema.

Lilikuwa limechomelewa. Pande zote mbili, juu mpaka chini, tangu siku ya kwanza. Walijenga pua ya kunusa, wakajenga akili ya kuhesabu, wakaweka sauti ya kutukaribisha, na hawakuweka bawaba. Tulikuwa tumepiga makofi mbele ya ukuta uliopakwa rangi.

Sikumbuki nani alianza. Najua nilikuwa na bega langu kwenye chuma, na bega la Mama Ipyana juu ya langu, naye anatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, na Daktari Oresta upande wa pili na buti zake nzuri ndani ya matope. "Karibuni malishoni," geti likasema, kwa upole, nasi tukasukuma. "Karibuni malishoni." Nguzo zilikuwa zimesimikwa kwenye udongo wa uwanda wetu, na udongo ule ulikuwa umelowa mvua za juma zima. Ukaachia.

Geti lilianguka kifudifudi kwenye nyasi. Hatukushangilia, hatukuwa na pumzi. Mjane alikuwa wa kwanza. Akapanda juu ya chuma, akakanyaga pale penye pua, akashuka upande wa pili na kuinamisha kichwa chini ya misindano. Wengine wakamfuata.

Chini bondeni magari ya Kampuni yalikuwa yameanza kupanda, taa zimewashwa mchana. Mtu mmoja akasema tuwatoe kondoo upesi, wameshakula. Bibi Sekela, aliyekuwa amepandishwa mpaka pale kwa machela, akamwambia akae. Kondoo akishiba majani haondoki mara moja. Hulala kwanza, acheue, na ukimharakisha yote yanaharibika.

Basi tukakaa katikati yao kwenye nyasi, tukigeukia barabara, tukawangoja wamalize kucheua.